Wadogo zangu wa TFC, hiyo 384 mmeitoa wapi?

Msimu wa TFC, ile kazi ya utafiti ya kumaliza masomo chuoni, ukifika hapa Goma naletewa hojaji nizisome, na kila mara nakuta sampuli ni 384. Ukiuliza kwa nini, unaonyeshwa fomula: uhakika 95%, kosa 5%. Hesabu haina ubaya. Ila fomula hiyo inataka watu wachaguliwe kwa bahati nasibu kutoka orodha kamili, na sensa ya mwisho ya nchi hii ilikuwa 1984. Orodha ya kaya za mtaa wa Ndosho umeipata wapi, mdogo wangu?

1. Anza kwa chefu wa avenyu, yaani kiongozi wa barabara ya mtaani. Akikupa orodha, izungukie kwa miguu uihakiki.

2. Sarafu. Hapa mnivumilie. Wakati wangu niliandika "Unapata kiasi gani kwa mwezi?", nikaweka kisanduku cha tarakimu, nikaenda kuhoji wachuuzi wa Birere, karibu na mpaka wa Rwanda. Hakuna kisanduku kilichobaki kitupu. Nilitoa wastani, mchepuko sanifu, na grafu za rangi ambazo nilizipenda mno. Siku ya kutetea, profesa mmoja akauliza kwa upole kabisa: "Huu wastani ni wa pesa gani?" Kimya. Huyu alijibu kwa dola, yule kwa faranga za Kongo, na wanaovuka kwenda Gisenyi walijibu kwa faranga za Rwanda. Zote safu moja! Niliporudi sokoni na aibu yangu, nikakuta kumbe hata huo mwezi hawauhesabu. Wanahesabu siku: toa mtaji, toa ya likelemba (mchango wa kupokezana), kinachobaki ndicho cha kula. Mama mmoja alicheka: "Uliuliza mwezi, nikakutafutia mwezi." Ningekaa naye asubuhi moja kabla ya kuandika swali lolote, angenifundisha haya yote bure. Ndiyo maana nawachapa mnaposema mahojiano ni ya wasiojua takwimu.

3. Kuhoji watu wachache hakufanyi utafiti uwe wa kimaelezo. Unaacha kuhoji pale watu wapya wanapokuwa hawaongezi jambo, si pale pesa ya pikipiki inapokwisha. Na msinipigie asilimia kwenye kikundi cha majadiliano cha watu wanane, nawaomba.

4. Kobo, ile programu ya kujazia hojaji kwenye simu, inajaza bila intaneti. Bila chaji haijazi.

5. Ukiuliza habari za akiba, usimhoji mama mumewe akiwa pembeni. Atakuambia hana hata faranga, na wewe utaandika sifuri.