Maswali na Majibu: Dido wa Virgil na wasomaji wake

Swali: Naandika tasnifu kuhusu Dido, malkia wa Carthage katika *Aeneid*, shairi la Virgil, mshairi wa Roma ya kale. Dante, mshairi wa Italia wa Zama za Kati, kamweka jehanamu pamoja na waliotawaliwa na tamaa. Je, niseme Zama za Kati zilimlaani, kisha Renesansi ikamsafisha?

Jibu: Hapana. Sentensi hiyo naisahihisha kila muhula, na karibu kila mara imetoka kwenye muhtasari wa kurasa mbili ulioandikwa na mtu asiyemsoma Virgil wala Dante.

Dido alikuwa na watetezi miaka elfu moja kabla ya Renesansi. Tertullian, mwandishi Mkristo wa kale, alimsifu. Jerome, mwandishi mwingine Mkristo, mnamo 393, alimtaja kama kielelezo cha usafi wa mjane. Walimfuata Dido wa kisa kikongwe kuliko shairi la Virgil: mjane aliyejiua ili asiolewe na mfalme Iarbas, kwa kumtunzia ahadi marehemu mumewe. Humo Aeneas, shujaa ambaye kwa Virgil anapendwa na Dido kisha anamwacha, hayumo kabisa. Macrobius, mwandishi wa Kirumi, alisema wazi kwamba mapenzi yao ni uzushi unaojulikana na wote, ila uzuri wa shairi umewanasa watu.

Laana nazo zilikuwepo. Ufafanuzi wa *Aeneid* wa karne ya 12 unaohusishwa na Bernardus Silvestris unamfanya Dido kuwa tamaa yenyewe. Lakini msome Dante taratibu: anataja kujiua kwake na ahadi aliyoivunja kwa majivu ya Sychaeus, marehemu mumewe, na bado hakumpeleka kwenye mduara wa jehanamu wa waliojiua. (Hilo peke yake lingetosha sura nzima.)

Sasa Boccaccio, mwandishi wa Italia wa karne ya 14. Katika shairi lake *Amorosa visione* Dido ni mpenzi aliyeachwa. Katika *De mulieribus claris*, kitabu chake kuhusu wanawake mashuhuri, miaka ya 1360, ni mjane safi, na sifa zake zinageuzwa fimbo ya kuwachapia wajane wanaoolewa tena. Huko ndiko kusafishwa? Aliyempa kazi nyingine ni Christine de Pizan, mwandishi mwanamke wa Ufaransa, mwaka 1405: mjenzi wa mji, mwenye akili na mipango.

Wanaowauzia wanafunzi "mtazamo wa Zama za Kati" kwa jumla wanawaharibia. Hata *Heroides* za Ovid, barua za kishairi za wanawake wa hadithi za kale, Dido akiwemo, zilisomeshwa kama somo la maadili, Penelope akiwa mfano wa mapenzi halali na Phaedra wa haramu, mara nyingi kwa wavulana waliokuwa wakijifunza Kilatini. Kwa hiyo kila unapotaka kuandika "waliamini", taja ni nani, mwaka gani, na alikuwa akimwandikia nani. Anza na sura ya Boccaccio kuhusu Dido. Ni fupi, na tafsiri zake zipo.