Kabla mbwa hajanguruma

Ukianza kazi kwenye kliniki ya mifugo, neno utakalolisikia kila siku ni "huyu mkali". Mwenye mbwa anamshusha kwenye gari, anakukabidhi mnyororo, halafu yeye mwenyewe anarudi nyuma hatua tatu. Nimefanya kazi hii miaka tisa, na wakali wa kweli niliowashika nawahesabu kwa vidole. Waliobaki walikuwa waoga, na mwoga ukimbana kwenye kona hutoa meno.

Mimi nilijifunza kwa kuumia. Alikuwa akiletwa jike mmoja mweusi wa kienyeji, jina lake Popi. Kila nikimweka mezani kwa ajili ya chanjo ananguruma, na kila akinguruma namkaripia, siku nyingine hadi namchapa kibao. Mara ya tatu hakunguruma. Nikamwambia mwenye mbwa kwa majivuno, "Mama, huyu keshanyooka." Mara ya nne alikaa kimya kabisa, akanidaka kiganja. Nilichokuwa nimemfundisha ni kwamba kunguruma hakumsaidii. Hofu yenyewe sikuwa nimeigusa. (Ukiumwa, usianze kuuliza kama mbwa kachanjwa. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, wao ndio wataamua kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa.)

Popi alikuwa akiniambia mengi kabla ya kunguruma, ila sikujua kusoma. Anajilamba pua na hakuna chakula. Anapiga miayo na hana usingizi. Anageuza uso pembeni lakini jicho limebaki kwangu, weupe wake umetokeza kama mwezi mchanga. Masikio yamelala, uzito wote uko miguu ya nyuma. Akishuka, meza ya bati inabaki na alama za nyayo zenye unyevu, maana mbwa hutoa jasho kwenye nyayo. Mwingine anahema kwa kasi na wala hakuna joto, kisha ghafla anafumba mdomo na kuganda. Hapo acha unachokifanya, hata kama sindano imebakiza nusu dakika. Mkia nao usikudanganye: ule uliosimama wima na mkavu, unaotikisika kwa kasi, si salamu. Mwenye raha hutikisika hadi kiuno.

Dalili moja peke yake si kitu, mbwa naye hupiga miayo ya usingizi. Tazama mwili mzima, na tazama kilichotokea sekunde ile.

Kumkaribia ni rahisi kueleza, ugumu uko kwenye kujizuia. Usimkazie macho, usimwinamie, usianze na kichwa. Chuchumaa ubavu ubavu, umwache aje mwenyewe. Wengi huogopa meza kwa sababu inateleza, kwa hiyo tandika mpira au gunia, au fanyia kazi chini sakafuni.

Sasa dagaa. Mfukoni mwangu hamkosekani dagaa wakavu, na mbwa mgumu namchemshia maini, bila chumvi wala kitunguu. Wageni wengi wa kazi hii hukosea mpangilio: wanatoa dagaa kwanza, halafu ndiyo wanawasha mashine ya kunyolea. Baada ya siku mbili mbwa anaogopa hata dagaa, maana kawa mbiu ya balaa. Kitishacho kitangulie. Washa mashine chumba cha pili, kwa mbali, dagaa zifuate. Zima, na dagaa zikome. Siku ukiona amesikia mlio akakutazama wewe mfukoni, sogeza mashine hatua moja. Akikataa kula, umekwenda karibu mno, rudi ulikotoka bila kinyongo.

Utaambiwa pia usimbembeleze mbwa anayetetemeka, eti utamzoesha uoga. Si kweli. Akija kujibanza kwako radi ikipiga, mkumbatie. Usiku wa mkesha wa mwaka mpya waambie wenye mbwa wamwingize ndani mapema, pazia zishushwe, redio iwashwe, na wasimfunge mnyororo, kwani akiruka ukuta akiwa amefungwa atajinyonga. Yule anayechanganyikiwa kabisa, daktari ampangie dawa siku kadhaa kabla. Ila jihadhari na zile zinazolegeza mwili peke yake: mbwa analala huku moyoni anasikia kila fataki.

Na ukiletewa mtoto wa wiki nane, sema na mwenye mbwa siku hiyohiyo. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo mbwa anapojua dunia ina nini: watoto, bodaboda, mwavuli, mtu mwenye kofia. Anayeupitisha muda huo amefungwa bandani, akirushiwa mawe na watoto wa jirani, ndiye atakayekuja kwako akiitwa mkali.

Popi ilichukua miezi mitano. Sasa anachanjwa sakafuni, ulimi wake ukiwa kwenye sahani ya maini. Bado hupiga miayo nikifungua droo ya sindano. Akipiga, naifunga, nasubiri kidogo.