Mwanangu, kuhusu ile kazi ya kuwaeleza watu kwantamu

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma, nikairudia. Unauliza ukubali chuo kikuhamishie kitengo cha kuelimisha umma mambo ya kwantamu, hiyo fizikia ya vitu vidogo sana kama elektroni na chembe za mwanga, yaani siku za wazi, mashuleni, mihadhara ya jioni, au ubaki maabara na majokofu yako umalize utafiti. Sasa kabla sijafika huko acha kwanza nikwambie mtu anayefaa kusimama mbele ya watu ni yupi, manake hilo nalijua kuliko hayo mengine.

Unaikumbuka ile siku ya wazi chuoni, ulikuwa bado sekondari, baba yako akakataa kuja. Yule mzee wa slaidi akaanza na paka wa Schrödinger, yule mwanafizikia, paka yuko ndani ya boksi, ni mzima na ni mfu kwa wakati mmoja mpaka mtu afungue. Ukumbi mzima unatikisa vichwa kukubali, mimi nikanyoosha mkono nikauliza, hivi huyo paka mwenyewe hajijui kama yuko hai? Akacheka. Akasema mama, hayo tuachie sisi, na ukumbi ukacheka naye, na wewe ukainama ukawa unaangalia viatu vyako. Hapo ndo paliponiuma, sio yeye, wewe. Sikulaumu, ulikuwa mtoto, ila nilikuona.

Swali la mtu halichekwi. Nimewalea na hilo neno wewe na dada yako na silitupi leo.

Halafu tulipotoka, pale koridoni, kwenye meza ambayo hata kwenye ratiba haikuwepo, tukamkuta yule binti mwanafunzi na tochi yake ya leza. Akaniomba unywele mmoja, akaubandika kwa selotepu kwenye tundu la karatasi ngumu, akazima taa akaumulika. Nilitegemea kivuli kimoja chembamba, kumbe ukutani vikajipanga vipande, chekundu, giza, chekundu, giza, vinafifia kadiri vinavyoenda pembeni. Akanipa rula nipime kutoka giza moja hadi jingine, akapiga hesabu kwenye simu, akasema mama unywele wako hata sehemu ya kumi ya milimita haufiki. Nilifurahi utadhani nimepewa cheti! Na hakunidanganya, alisema hayo ni mawimbi ya mwanga tu, kwantamu yenyewe hapo haijaingia, inaingia ukipunguza mwanga mpaka chembe zake zipite mojamoja, na bado ukisubiri zinarundikana kwenye michirizi ileile, hata elektroni hufanya hivyo. Kwa nini? Akasema sijui, na wakubwa zangu wanabishana.

Nikamuuliza tena la paka. Akavuta kiti. Akanieleza kwamba Schrödinger alilitunga hilo boksi mwaka 1935 kuwaonyesha wenzake kwamba wanachokisema kinafika mahali pa kuchekesha, hakuwa anadai paka wa namna hiyo yupo, na kwamba swali langu linakaribiana sana na la mwanafizikia Eugene Wigner wa 1961, ila yeye badala ya paka alimweka rafiki yake. Mtu wa Nobel huyo, ya 1963!

Labda umeshaona ninakoelekea, au huoni, manake hata mimi najipinga. Yule binti aliweza kusema sijui bila aibu kwa sababu alikuwa ametoka maabara kuhangaika na vioo na nyaya. Ukikaa kitengoni miaka hujashika chombo si utaanza kusoma slaidi za watu? Lakini nikisema hivyo, nani sasa anabaki na watu? Umoja wa Mataifa waliutangaza 2025 mwaka wa kimataifa wa sayansi na teknolojia ya kwantamu, karne moja tangu Heisenberg na wenzake waanze kuziandika hesabu zake, tena Ghana ndo waliopeleka hoja, nikafurahi, halafu nafungua simu nakutana na mtu anauza kidani cha kwantamu cha kutibu mgongo. Na wale wa kompyuta ya kwantamu kujaribu majibu yote kwa mpigo halafu ikatema lililo sahihi, wewe mwenyewe ndo ulinieleza sivyo, kwamba ukipima unapata jibu moja tu na kazi yote iko kwenye kuyafanya majibu mabovu yafutane kabla hujapima. Nami nawaeleza watu hivyohivyo, wananielewa, na mimi sio profesa.

Tatizo ni kwamba chuo kinahesabu makala, kinahesabu fedha za utafiti, ila meza ya koridoni haihesabiwi na mtu. Baba yako anasema hapo mjadala umeisha, baki na majokofu yako, vitu vinavyopozwa mpaka vinakuwa baridi kuliko anga za mbali huviachi vijiendeshe. Ana hoja. Ila yeye ukumbini hakuwepo.

Jibu langu ninalo, usidhani sina, liko hapa kwenye ncha ya ulimi. Nikilisema utalifuata, au utafanya kinyume ili unionyeshe, na yote mawili siyataki. Ila kabla hujasaini waulize kama siku zako za maabara wanaziandika kwenye mkataba au ni ahadi za mdomo. Na uliza nani anachagua wa kusimama mbele, manake kama yule wa slaidi bado yupo nitakuja mwenyewe, swali la mtu halichekwi.

Dada yako anakusalimia. Hiyo fomu mwisho wake lini?

Mama