Kabla ya Kuisifu Picha, Watafute Ndugu Zake

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nimebandika ukutani, juu ya meza yangu ya kazi, picha moja niliyoichapa kwenye karatasi ya kawaida: mama niliyemdhania kuwa mtu wa makamo, mkono shavuni, watoto wawili wamemwegemea huku wamegeuza nyuso zao, na kichanga mapajani. Dorothea Lange aliipiga Machi 1936 huko Nipomo, California, katika kambi ya vibarua wa kuchuma njegere, wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi wa Marekani. Niliitazama kila asubuhi nikitaka kuiiga, na kila nilipoiiga nilipata picha mfu. Wateja wangu walishika mashavu wakaonekana kama watu wanaoumwa jino.

Kosa langu nililiona siku nilipoingia katika tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, nikakuta kwamba picha ile haikuzaliwa peke yake. Lange alipiga picha kadhaa za familia ileile kwa kamera kubwa aina ya Graflex. Katika zile za mbali unaona hema lote limefunguka upande mmoja, na binti mkubwa ameketi kwenye kiti cha kubembea. Akisogea kidogo, binti huyo hayumo tena. Mama ananyonyesha, na katika mojawapo mtoto amesimama nyuma ya bega lake, huku mbele yao kuna sanduku lenye sahani tupu juu yake. Katika ile maarufu, hema, sanduku na sahani vyote vimeondoka, zimebaki nyuso na mikono.

Ushauri wangu kwa anayejifunza kazi hii ni huu: pakua picha zote za tukio moja, zipange kwenye skrini kwa pamoja, kisha andika kwa mkono ni kitu gani kimetoka na kipi kimeingia kila mpiga picha aliposogea. Mimi nilifanya zoezi hilo jioni nzima na ndipo nikaelewa kwamba mkono ule shavuni haukuwa siri ya picha. Siri ilikuwa miguu ya mpiga picha, aliyeendelea kusogea wakati mimi ningekuwa nimesharidhika na kufunga mfuko. (Kama bando lako ni dogo, achana na mafaili makubwa ya TIFF, yale ya JPEG yanatosha kabisa kwa zoezi hili.)

Ukiichunguza nakala ya awali, ambayo maktaba hiyo pia inayo, utaona pembeni chini upande wa kulia kidole gumba kimeushika mti wa hema. Mwaka 1939 Lange aliagiza kidole hicho kifutwe kwenye negativi (filamu ya asili inayochapiwa picha), jambo ambalo halikumfurahisha Roy Stryker, aliyekuwa akiusimamia mradi wa picha wa serikali ambao Lange aliufanyia kazi. Mimi niko upande wa Stryker. Kidole kile kinaonyesha kwamba kuna mkono uliolishikilia hema. Kukifuta ni kuisafisha picha kupita kiasi, kama tunavyofanya sisi leo kwenye simu.

Halafu soma maelezo ya picha, usiyaruke. Maelezo ya Lange yanasema kwamba huyo ni mama wa watoto saba mwenye umri wa miaka 32, lakini jina halimo, kwa kuwa hakumuuliza. Jina la Florence Owens Thompson, mzaliwa wa Oklahoma mwenye asili ya Wacherokee, lilijulikana hadharani mwaka 1978, naye alilalamika kwamba picha ile haikumletea hata senti. Picha zilipotoka gazetini mwaka ule wa 1936, serikali ilipeleka kambini chakula chenye uzito wa pauni 20,000, yaani takriban tani tisa. Yeye na wanawe walikuwa wameshaondoka.

Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mzee mmoja mchuuzi niliyempiga picha sokoni, picha ambayo baadaye niliiuza ikawekwa kwenye kalenda. Alinikuta miezi mingi baadaye akaniuliza, “Mwanangu, watu wananiambia nimo kwenye kalenda, mbona mimi mwenyewe sijaiona?” Sikuwa na nakala ya kumpa, wala sikulijua jina lake nipate kumwomba radhi ipasavyo.

Kwa hiyo baada ya Lange, nenda moja kwa moja kwa Gordon Parks, mpiga picha mwingine wa mradi uleule. Mwaka 1942, akiwa kijana mweusi mgeni Washington, alikataliwa huduma madukani na mikahawani kwa rangi yake. Stryker akamshauri azungumze na mwanamke aliyekuwa akifanya usafi katika jengo lao la ofisi, Ella Watson. Parks alimsimamisha mbele ya bendera ya Marekani, ufagio mkononi na dekio pembeni, na wengi huishia kwenye picha hiyo. Wewe usiishie hapo. Aliendelea kumfuata hadi nyumbani akiwa na wajukuu, chumbani penye sanamu za watakatifu juu ya kabati, na kanisani. Ukishaziona hizo, ukirudi kwenye ile ya bendera unamkuta mtu uliyekwisha kumfahamu. Mimi nimejifunza zaidi kwa mfululizo huo kuliko kwa kozi niliyoilipia.

Mkusanyiko wote wa picha za mradi huo, ulio katika maktaba ile, una negativi zipatazo 175,000 za nyeusi na nyeupe, kwa hiyo chagua mpiga picha mmoja na mji mmoja, la sivyo utapotea. Katika picha za miaka ya mwanzo utakutana na nyingine zenye duara jeusi, pengine katikati ya uso wa mtu. Hilo si doa la filamu: Stryker alikuwa akizitoboa negativi alizozikataa. Mimi huzipakua hizo kwanza, nikajaribu kukisia alikataa nini.