Kuchomoa diski ya nje bila kuharibu mafaili

Ndugu uliyeuliza kama inatosha kuchomoa diski ya nje mara tu kompyuta inapoonyesha kuwa kunakili kumekwisha: haitoshi kila mara. Kompyuta inaweza kuihifadhi data kwenye kumbukumbu yake ya muda na kukuarifu kuwa kazi imekamilika, ilhali sehemu ya data hiyo bado haijaandikwa kwenye diski, na ukichomoa waya wakati huo unaweza kuharibu si faili hilo tu bali hata orodha inayoiwezesha kompyuta kujua kila faili liko wapi. Ni kweli kwamba Windows 10, tangu toleo la 1809 la mwaka 2018, imepangwa isitegemee kumbukumbu hiyo kwa vifaa vya USB, lakini mpangilio huo unaweza kubadilishwa, wala haukulindi iwapo programu fulani bado inaandika.

Funga kwanza mafaili yote uliyoyafungua kutoka kwenye diski, kisha bofya alama ya USB iliyo kwenye kona ya chini kulia ya skrini, chagua kuitoa diski hiyo, na usubiri ujumbe wa kukuruhusu. Ukiambiwa kuwa kifaa bado kinatumika, mara nyingi chanzo ni programu ya kukagua virusi au dirisha lililosahauliwa. Ikishindikana kabisa, zima kompyuta (usiilaze tu) ndipo uchomoe. Diski yenye sahani zinazozunguka, tofauti na flashi, isubiri sekunde chache itulie kabla ya kuinyanyua.