Habari njema hupelekwa, hairushwi

Mwezi wa tatu 2020 simu yangu ilikuwa na makundi kumi na moja ya WhatsApp, na mawili kati ya hayo mimi ndiye niliyekuwa admini: la ukoo, na la mtaa wetu wa Walukuba hapa Jinja, Uganda. Walukuba ni mtaa wa watu waliofuata kazi za viwandani, kila mmoja na lugha ya kwao, Kiswahili ndicho kikatukutanisha barazani. Shule zilifungwa Machi 20. Kesho yake akathibitishwa mgonjwa wa kwanza wa korona. Machi 25 teksi na mabasi yakasimama, na mwezi ukiisha tukaambiwa tukae ndani siku 14, kafyu saa moja jioni. Siku 14, jamani! Shule hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote hadi Januari 10, 2022.

Kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine, nikajipa kazi ya kuwachangamsha watu. Kila nilichoona kinachekesha au kinatia moyo nilikirusha kwenye makundi yote kumi na moja kabla sijanywa chai. Wengi walinishukuru. Nikavimba kichwa.

Wiki ya pili ukanifikia ujumbe wenye nembo na sahihi: boda boda kuruhusiwa kubeba abiria kuanzia Jumatatu. Sikuusoma hadi mwisho. Mpwa wangu anaendesha boda, na wakati ule alikuwa na ruhusa ya kubeba mizigo tu, tena mwisho saa nane mchana. Nilijua angefurahi, nikautuma. Jumatatu asubuhi akampakia mama mmoja na mtoto, hawakufika hata barabara kuu. Pikipiki ikalala kituo cha polisi wiki tatu, na deni la pikipiki halijui lokidauni. Ruhusa ya kweli ilikuja Julai 27.

Nilikwenda kwake kwa miguu kumwomba radhi. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, anasafisha helmeti isiyo na pa kwenda. Hakunilaumu. Alisema tu, “Mjomba, ingetoka kwa mtu mwingine ningeuliza. Lakini umetuma wewe.”

Tangu siku hiyo habari njema naiogopa kuliko mbaya. Habari mbaya watu huihoji, huibishia, hupiga simu tatu kuulizia. Njema hakuna anayeihoji kwa sababu kila mtu alikuwa ameketi akiingoja. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: ukipata ya kufurahisha, ilaze. Kama ni ya kweli, asubuhi itakuwa bado ya kweli, na redio itakuwa imeshaisema. Kama ni tangazo la serikali, msubiri mwenyewe aseme. Wakati ule Rais alikuwa akihutubia kwenye televisheni kila mara, hakukuwa na haja ya mimi kumtangulia.

La pili nililijifunza kwa mama wa mlango wa nne, ambaye kabla ya kafyu alikuwa akikaanga samaki jioni pale njiapanda. Alinisimamisha kwenye bomba la maji, tukiwa tumeachana hatua nne kama tulivyoagizwa. “Baba,” akaniambia, “paka wako wamekula bando yangu.” Sikumwelewa. Kumbe simu yake ilikuwa inapakua kila kitu yenyewe, na MB alizonunua kwa ajili ya mazoezi ya mtoto wa darasa la sita ziliishia kwenye video zangu za paka. Kumbuka wakati huo bado tulikuwa tukilipa OTT, kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, kwa ruhusa tu ya kuingia WhatsApp. Bando ni juu yako. Mimi nilikuwa naona natoa zawadi, kumbe namtoza mwenzangu nauli ya kunifuata kwenye furaha yangu.

Tangu hapo video situmi bila kuuliza. Naandika mistari miwili ya kilichomo, anayetaka anasema “lete”. Na kama una mzazi au jirani asiyejua, ishike simu yake dakika moja, ingia kwenye mipangilio, zima upakuaji wa otomatiki. Hiyo peke yake ni habari njema.

Mnakumbuka Rais alipopiga marufuku watu kukimbia barabarani, kisha akatoa video yake akikimbia ndani ya ofisi na kupiga pushapu 30? Walukuba nzima iliijua, na sidhani kama robo yetu tuliiona. Mmoja aliiangalia, akashuka barazani akaicheza, watoto wakahesabu kwa sauti. Mzee mmoja alifika pushapu ya nne akasema ya tano ataimalizia baada ya korona. Mimi hapo nikaanza kushtuka kwamba vitu vinavyosafiri vizuri ni vile ambavyo mtu anaweza kuvibeba kwa mdomo.

Nikahakikishiwa Aprili 14. Mwaka ule Ziwa Victoria lilikuwa limejaa kupita kiasi, maji yanaingia hadi kwenye vibanda vya mwalo wa Masese, na siku hiyo kisiwa kizima cha majani na udongo kikaelea kutoka ziwani kikaenda kuziba mitambo ya umeme ya Nalubaale, hapa hapa kwetu. Nchi nzima ikakosa umeme. Kufika mchana simu zilikuwa zimezima moja baada ya nyingine, na mimi mtuma-furaha nikabaki nimeshika kipande cha kioo cheusi.

Mtaani kuna kijana aliyekuwa akitafsiri filamu kwenye kibanda cha video. Si kutafsiri mnakojua nyinyi msiowahi kuingia kibandani. Ni kukaa na maikrofoni na kuitia filamu ya Wachina matusi, utani na majina ya majirani hadi ionekane imetengenezwa Uganda. Kibanda kilifungwa kama mikusanyiko mingine yote. Alasiri hiyo alitoka akakalia jerikeni, akawatazama watoto waliokuwa kila mmoja kwenye veranda ya kwao, akaanza kunguruma. Gari likawaka. Likapiga gia. Tukajua filamu imeanza.

Hakukuwa na kioo wala picha. Komando wake alimkimbiza jambazi juu ya daraja la bwawa, akampoteza sokoni, akamkuta tena amejificha kwenye miwa ya Kakira, na kila akina mama walipofikiri jambazi amekufa, kijana anakohoa kidogo, jambazi anafufuka. Risasi alizipiga kwa ulimi. Helikopta aliifanya kwa kujipiga kifuani. Mke wangu alikuwa anachambua dodo, mchicha wetu wa huku, na majani aliyatupa akabakiza mashina. Komando alipokuwa ameshika kola ya jambazi, umeme ukarudi. Redio zikalia nyumba zote kwa pamoja, kijana akanyamaza, akaokota jerikeni lake. Watoto wakaanza kupiga kelele umeme ukatwe!

Usiku ule nilifuta vitu vyote nilivyokuwa nimeviandaa kutuma, nikaweka sharti jipya kwenye kundi la mtaa. Kila Ijumaa, anayetaka alete kitu kimoja anachokipenda, wimbo, hadithi, filamu, shairi, hata kitambaa alichofuma. Kimoja tu. Na asikitume chenyewe kwanza, atume sauti yake, dakika moja, atuambie alikutana nacho wapi. Wawili walijitoa kwenye kundi siku hiyo hiyo wakisema admini amekuwa mwalimu mkuu. Sawa.

Waliobaki ndio walionifundisha. Mzee aliyestaafu kiwanda cha nguo cha Nytil hakuwa na muziki wowote kwenye simu aliyobadilishiwa na mwanawe badala ya ile yake ya tochi, basi akatuimbia mwenyewe wimbo wa bendi ya Afrigo, bendi iliyoanza 1975 alipokuwa bado kijana wa kwenda dansini. Katikati ya kuimba anasimama, anasema, “Hapa saksafoni inaingia, ngojeni.” Kimya. Unamsikia anapumua, anaihesabia saksafoni zamu yake kwa kidole kwenye meza, ndipo anaendelea. Nimeutafuta wimbo huo baadaye nikausikiliza, na nikiri kwamba saksafoni ya kwenye meza naipenda zaidi.

Kwa hiyo ukimpelekea mtu wimbo au kitabu unachokipenda, usimwambie “kizuri sana, lazima ukione.” Hiyo ni kazi ya nyumbani. Mwambie ulikuwa wapi na nani kilipokuingia. Akitaka atakitafuta mwenyewe, na asipotaka atakuwa amekupata wewe.

Kuna kosa jingine ambalo hata sasa nikilikumbuka nasikia haya. Asubuhi moja nilimtumia rafiki yangu kichekesho. Akanijibu neno moja, “Asante.” Jioni ndipo nikasikia alikuwa amefiwa na mama yake kule Kamuli, na saa ile nilipotuma alikuwa akihangaikia kibali cha RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, ili gari lisogee akamzike. Angenitukana ningepona haraka. Siku hizi salamu hutangulia, na salamu yenyewe si “habari za korona” bali “mmekula nini leo?” Mwenye njaa au msiba atakujibu kwa namna yake, nawe utajua kama ulichoshika kinafaa kutolewa. Unga kilo 6 na maharage kilo 3 vilikuwa vikigawiwa Kampala na Wakiso. Sisi Jinja tuliviona kwenye televisheni. Wapo watu ambao habari njema pekee ungeweza kuwatumia wiki ile ni shilingi elfu tano kwenye simu, bila maelezo.

Haya yalinisaidia tena Oktoba 2022, Ebola ilipofunga Mubende na Kassanda. Shemeji yangu ameolewa huko. Nilimpigia nikauliza anataka kusikia nini, akasema, “Chochote kisichoanza na idadi.” Nikamweleza mukene, yaani dagaa, umefika bei gani Masese, kuku wa nani ametamia kwenye kapu la nguo. Alicheka kwa sababu ya lile kapu. Kila baada ya siku mbili nilimpelekea jambo dogo la hivyo, hadi Desemba walipofunguliwa.

Lakini mpwa wangu. Baada ya yale ya pikipiki alikuwa akipokea salamu zangu kwa heshima zote, ila kila nikisema jambo naona anaegemea upande, kama mtu anayesikiliza kama maji yanachemka. Agosti 14, 2020, siku ya Ijumaa, Joshua Cheptegei wetu wa Kapchorwa alikuwa anakimbia mita 5,000 kule Monaco. Ilikuwa usiku huku kwetu, kafyu bado ipo, na mpwa wangu hana televisheni. Nikampigia, nikamtangazia mzunguko kwa mzunguko, mizunguko kumi na miwili na nusu: wanaomvutia kasi wametoka mmoja mmoja, amebaki peke yake, taa za kijani zinakimbia ukingoni mwa njia, na anakwenda nazo, hajaziacha. Rekodi ya Kenenisa Bekele ya 12:37.35 ilikuwa imekaa tangu 2004. Saa ikasimama 12:35.36.

“Mwanangu, amevunja rekodi ya dunia!”

Kimya upande wa pili. Kisha akauliza, taratibu, “Mjomba, una uhakika?”

Sikumjibu. Niliinuka, nikaisogeza simu hadi kwenye spika ya televisheni, nikaishikilia hapo mpaka mkono ukaniuma.