Kasa anayetoka kama sahani: anza na mgongo, nakshi baadaye

Ndugu mleta uzi, umesema umemchora kasa mara tatu na mara zote ametoka kama sahani yenye miguu, na ukianza kupaka rangi ndiyo anaharibika kabisa. Umeuliza kama tatizo ni penseli zako za rangi 12 na kama inabidi utafute boksi kubwa zaidi. Hapana, usinunue kitu. Mimi nilianza kuchora ukubwani bila msingi wowote, na kasa ndiye mnyama wa kwanza wa baharini niliyekaa naye mpaka nikamwelewa. Boksi langu lilikuwa la rangi 12 kama lako.

Ninavyoona, unachora mstari wa nje kwanza, halafu unajaza ndani vipande vya pembe sita vinavyolingana, kama sega la nyuki. Nilimaliza daftari zima nikifanya hivyo hivyo. Nakshi inayolingana kila mahali humwambia mtazamaji kwamba kitu ni bapa, na hapo hata ukipaka rangi nzuri namna gani, haitauinua mgongo.

Kabla ya kumchora tena, fanya zoezi moja la dakika tano. Chukua yai, lizungushie mpira mwembamba wa kufungia, upite kwenye ncha zote mbili. Lishike mbele yako. Mpira ukiwa katikati kabisa ya upande unaoutazama, unaonekana umenyooka. Sasa lizungushe yai kidogo sana. Mpira unapinda kama upinde, na upande mmoja wa yai unakuwa mpana kuliko mwingine. Lizungushe tena, unapinda zaidi. Mpira huo ndio uti wa mgongo wa kasa wako. Uchore mara kumi, yai na mstari tu, kila mara kwa mkao tofauti. Ukiruka zoezi hili, mengine yote nitakayoandika hapa chini hayatakusaidia sana.

Ukishauzoea mstari huo, shika penseli ya HB na uguse karatasi tu, usiikandamize. Chora yai lililolala kimshazari: upande mnene ndiko mabegani, uliochongoka ndiko mkiani. Usimchore kwa kumtazama kutoka juu kabisa, maana huko ndiko sahani inakotokea. Mgeuze kidogo, kama anayekupita ubavuni akiwa chini yako. Pitisha mstari wa mgongo uliopinda, kisha weka vipande vya gamba. Hapa hesabu itakuokoa. Kasa wa kijani, aina ya kasa tunayemchora hapa, ana vipande vikubwa 13: vitano vimepangana juu ya uti wa mgongo, na vinne kila ubavu. Kuzunguka ukingo kuna vipande vidogo vidogo kama pindo la nguo. Basi. Anza na vile vitano vya kati, vifuate mpindo wa mstari wako, ndipo uweke vya ubavuni. Vya upande wa mbali lazima viwe vyembamba kuliko vya upande wa karibu, hata kama jicho lako linakwambia unakosea.

Ng'amba, aina nyingine ya kasa, naye ana 13, ila vyake vimelaliana kama vigae vya paa, na ukingo wake wa nyuma una meno kama msumeno. Anapendeza sana, lakini mwache kwanza. Kasa wa kijani vipande vyake vimekaa bega kwa bega, ni rahisi kuvielewa.

Kichwa kifanye kidogo kuliko unavyodhani. Mimi hukikadiria kiwe pungufu kidogo ya robo ya urefu wa gamba. Na kumbuka, kasa wa baharini hawezi kurudisha kichwa wala mapezi yake ndani ya gamba kama kobe wa nchi kavu. Kwa hiyo usichore tundu ambalo shingo inatokea. Shingo ni nene, inatoka chini ya ukingo wa gamba na kuungana na mabega bila kukatika. Wengi humchora kobe, wakamwekea mapezi, kisha wakashangaa kwa nini hafanani na kasa.

Mapezi ya mbele ni marefu na yana kiwiko. Kasa huyapiga yote mawili kwa pamoja kama ndege anavyopiga mabawa, na yale mafupi ya nyuma humsaidia kugeuza mwelekeo. Chora bawa basi, si mguu. Ukingo wa mbele uwe mnene, wa nyuma mwembamba, na ncha irudi nyuma kidogo. Hiyo tu inamfanya aogelee badala ya kusimama.

Sasa nije kwenye kitu kilichobadilisha picha zangu kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa. Kasa wa kijani kichwani na kwenye mapezi ana magamba madogo meusimeusi yenye kingo nyeupe-manjano. Mwanzoni nilikuwa napaka rangi nikiziacha kingo hizo kwa mkono, na kila mara zilizibika. Siku hizi natumia kalamu ya wino iliyokwisha kabisa. Nafuta mistari ya penseli mpaka inaonekana kwa shida, naweka daftari laini chini ya karatasi, kisha nachora kingo hizo kwa kalamu kavu nikibonyeza kiasi. Haionekani kitu. Lakini ukipitisha penseli ya kahawia juu yake kwa ubavu wa ncha, rangi inapita juu ya mifereji bila kuingia ndani, na kingo zinajitokeza nyeupe, moja baada ya nyingine. Jaribu kwanza kwenye karatasi ya pembeni ujue nguvu ya mkono wako, kwa sababu mfereji ukishaingia haufutiki.

Tuje kwenye rangi, ambako umesema ndiko unakoharibu. Nina hakika unakandamiza. Kasa wangu wa kwanza niliyemchora vizuri nilimharibu hivyo hivyo: nilitaka gamba liwe na rangi nzito mara moja, nikabonyeza kahawia kwa nguvu zote. Karatasi ikaanza kung'aa kama imepakwa nta, na nilipotaka kuongeza kivuli, penseli ikawa inateleza tu. Karatasi ina vijishimo vidogo ambavyo jicho halivioni vizuri, na rangi hukaa humo. Ukivijaza vyote kwa mkupuo mmoja, tabaka la pili halina pa kukaa. Niliumia, maana mchoro wenyewe ulikuwa wa siku mbili.

Kwa hiyo paka kwa matabaka, mkono mwepesi, kutoka rangi nyepesi kwenda nzito. Na hapa jina lake limewapotosha wengi: wanashika penseli ya kijani na kulipaka gamba lote. Jina la kasa wa kijani limetokana na rangi ya mafuta yaliyo ndani ya mwili wake. Gamba lenyewe mara nyingi ni kahawia lenye manjano na ukijani kidogo. Tabaka la kwanza liwe manjano, gamba zima, ukiacha karatasi nyeupe pale mwanga unapopiga zaidi, yaani juu ya mgongo karibu na mabega. Nyeupe hiyo ilinde. Penseli nyeupe juu ya rangi nyingine haiwezi kuirudisha.

Tabaka la pili chukua kipande kimoja kimoja. Chonga kahawia iwe na ncha kali. Ndani ya kila kipande vuta vistari vifupi vinavyotawanyika kutoka sehemu moja kuelekea kingo, kama miale. Ndivyo nakshi ya gamba lake ilivyo, hasa kwa kasa wachanga. Usivifanye vilingane, vingine vikatike njiani. Kisha pitisha kijani chepesi sehemu chache tu, na kwenye mfereji kati ya kipande na kipande rudia kahawia. Kipande kimoja hunichukua kama dakika kumi, na sioni sababu ya kuharakisha. Ukichoka, acha, urudi kesho.

Kivuli usikiweke kwa nyeusi. Nyeusi huua rangi zilizo chini yake na gamba linaonekana limeungua. Tumia bluu nzito au zambarau juu ya kahawia, upande ulio mbali na mwanga na chini ya ukingo wa gamba. Nyeusi iweke kwenye jicho peke yake. Jicho lenyewe ni kubwa, jeusi, lenye kope nzito ya juu, na linahitaji doa dogo jeupe upande mwanga unakotoka. Doa hilo liache tangu mwanzo.

Tumbo na upande wa chini wa mapezi ni manjano hafifu, karibu nyeupe. Ila mwanga wa baharini unatoka juu, hivyo tumbo liko kivulini. Lipitishie samawati nyepesi sana juu ya manjano hiyo, mara moja tu, kabla halijageuka kijani. Maji humeza mwanga mwekundu kabla ya rangi nyingine. Kwenye kina cha mita 10 hivi wekundu mwingi umeshapotea. Ukitaka kasa wako aonekane yuko chini sana, mpitishie samawati mwili mzima kama pazia. Ukitaka aonekane karibu na uso wa maji, mwachie manjano na kahawia zake zilivyo.

Maji ya nyuma yasikusumbue. Samawati kidogo karibu na tumbo, ipotee polepole kuelekea pembeni, inatosha. Matumbawe na samaki wadogo utawaongeza siku nyingine.

Mchore wa nne basi, kwa penseli hizo hizo 12, na nyuma ya karatasi andika tarehe. Ukimaliza mchoro wa penseli, kabla hujagusa rangi, upige picha uiweke hapa chini. Nitaanza kuangalia mstari wa mgongo, kisha vile vipande vya upande wa mbali.